Skeli Kwanza, Msumeno Baadaye

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yana hekima yake shambani, ambako mvua haimngoji mtu anayekagua mipini. Lakini ipo kazi moja ambayo asiyechagua kabla ya kuianza hataimaliza, nayo ni kazi ya kuunda mfano mdogo wa kitu kikubwa. Mwenye kutaka kuunda nyumba ndogo, jahazi dogo au reli ndogo sharti aamue tangu siku ya kwanza jinsi atakavyokipunguza kitu halisi, na uamuzi huo aufuate mpaka siku ya mwisho. Uamuzi huo ndio skeli.

Jumapili hii safu yetu inazungumzia reli ndogo, na sababu ni barua ya mama mmoja wa Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba. Mama huyo anaeleza kwamba mkwewe, mzee aliyepita umri wa miaka 80, alivuka bahari akiwa kijana na kufanya kazi katika genge la kutengeneza njia ya reli baina ya Tanga na Mombo, kisha akarudi kwao. Sasa macho ya mzee yameanza kuingiwa na ukungu. Wajukuu zake, ambao hawajapata kuiona treni kwa kuwa Pemba haina reli, wanataka kuijenga hiyo njia kwa mfano mdogo wakati babu yao angali na uwezo wa kuwaelekeza. Baba yao ni seremala, hivyo mbao na misumeno si tatizo.

Tatizo ni kwamba hawapatani. Kijana, ambaye anasoma skuli ya ufundi hapo hapo Kengeja, anataka treni ndogo sana, ya kuwekwa juu ya meza chumbani. Dada yake wa darasa la tano anataka treni kubwa itakayopita uani, chini ya mwembe. Na ami yao aliye Maskati ameahidi kuwatumia sanduku la treni linalouzwa madukani huko, ila anauliza: la ukubwa gani? Mama anataka ushauri wetu kabla ami hajafunga mizigo yake. Tena anauliza, kwa unyenyekevu, iwapo si aibu kumshughulisha mtu mzima kwa vitu vya kuchezea, kama baadhi ya majirani wanavyosema.

Tutajibu yote mawili. Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi wanaishi mijini, katika vyumba viwili vya Kariakoo au katika majumba ya Michenzani, hatutawasahau nao.

SKELI NI NINI HASA

Kila aliyesoma ramani darasani amekwisha kuiona skeli. Ukiambiwa 1:100, maana yake ni kwamba sentimeta 1 ya mfano inasimama badala ya sentimeta 100 za kitu halisi, yaani meta 1. Mlango wa meta 2 utakuwa sentimeta 2. Kwa 1:50, mlango huo huo utakuwa sentimeta 4, na kwa 1:20 utakuwa sentimeta 10. Namba ya pili inapokuwa ndogo, mfano unakuwa mkubwa. Hapo wengi huteleza, kwa hiyo rudia mpaka uizoee.

Skeli ni ahadi. Ukisema njia yako ni ya 1:50, basi behewa, kituo, mti, mbuzi kando ya njia na abiria anayeningʼinia dirishani, wote wapunguzwe kwa 50. Mtu wa meta 1 na sentimeta 70 atakuwa na kimo cha milimeta 34. Ukimweka mtu wa milimeta 80 mlangoni pa behewa hilo, jicho la mtazamaji litagundua mara moja kwamba ameongopewa, hata kama hajui hesabu. Fundi wa majahazi huunda chombo bila ya karatasi, lakini kila ubavu wa jahazi unautii mkuku aliouweka kwanza. Na mwenye kuunda mfano auheshimu mkuku wake, ambao ni skeli.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yasiyotii skeli, na ni vema kuyajua mapema.

La kwanza ni uzito. Tuseme behewa halisi la mizigo lina tani 40. Ukilipunguza kwa 20, urefu umegawanywa kwa 20, upana kwa 20 na kimo kwa 20, hivyo ujazo wake umegawanywa kwa 8,000. Lingeundwa kwa vifaa vile vile, behewa lako lingekuwa na kilo 5. Lakini ukilipunguza behewa hilo kwa 87, litabaki na gramu 60 hivi, ambazo ni uzito wa yai la kuku. Behewa la kilo 5 hukaa imara juu ya reli zake hata upepo ukivuma. Behewa la yai la kuku huanguka kwa unyasi mmoja. Ndiyo maana treni ndogo sana haziwezi kustahimili uani.

La pili ni umbali. Kutoka Tanga hadi Mombo kuna zaidi ya kilometa 100. Kwa 1:20 ungehitaji zaidi ya kilometa 5 za reli ndogo, na familia nzima ingekesha ikiilinda njia! Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayejenga njia yote kwa skeli. Anachagua kituo kimoja, daraja moja na kona moja, akavijenga vizuri, na safari iliyobaki akaiachia akili ya mtazamaji.

UPANA WA NJIA NI JAMBO JINGINE

Watu wengi huchanganya skeli na upana wa njia, yaani nafasi iliyopo baina ya reli mbili. Ndugu msomaji, nchi yetu ni mwalimu mzuri wa somo hili, kwa sababu Tanzania Bara ina njia za reli za upana wa aina tatu.

Njia ya Tanga, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, na Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, zina upana wa meta 1 kamili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina milimeta 1,067, upana unaotumika Zambia na kusini mwa Afrika. Na reli mpya ya treni za umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024, ina milimeta 1,435, ambao ndio upana wa reli nyingi za Ulaya, China na Marekani. Behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya njia nyingine. Ndiyo maana pale Kidatu, ambapo TAZARA na tawi la Reli ya Kati zinakutana, kulijengwa kituo cha kuhamishia mizigo mwaka 1998.

Sasa tazama viwanda vya treni ndogo vilivyofanya. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya Leipzig reli za kuchezea zilizopangwa kwa namba kulingana na upana wake. Namba 1 ndiyo iliyobaki ikijulikana kuwa ya milimeta 45. Baadaye nyumba za watu zilipokuwa finyu, ikaja namba 0 ya milimeta 32, kisha nusu ya sifuri, ambayo huandikwa H0 au HO, ya milimeta 16.5. Hiyo HO ina skeli ya 1:87, nayo ndiyo iliyoenea zaidi duniani hadi leo. Ndogo kuliko hiyo ni N, yenye upana wa milimeta 9 na skeli ya 1:160, ambayo mtu mzima wake hazidi ukucha wa kidole kwa urefu.

Viwanda hivyo vilipunguza reli za kwao, si za kwetu. Zidisha 16.5 kwa 87, utapata 1,435: reli ya Ulaya. Basi mtoto akichukua sanduku la HO na kuandika ubavuni mwa behewa jina la Reli ya Kati, njia yake itakuwa pana mno kwa karibu nusu meta.

Wala wenye viwanda wenyewe hawakuiweka ahadi siku zote. Waingereza, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, waliona kwamba injini zao halisi ni nyembamba, na mota za wakati ule hazikuweza kuingia ndani ya mfano wa 1:87. Wakaukuza mwili wa treni mpaka 1:76.2, lakini reli wakaziacha zile zile za milimeta 16.5. Tokeo lake ni treni inayosimama juu ya njia ambayo ingekuwa na milimeta 1,257 tu badala ya 1,435. Treni hizo zinauzwa mpaka leo kwa jina la OO, na wapenzi wake wamekwisha kuzizoea. Sisi tunaoanza hatuna haja ya kurithi kilema hicho.

Kwa bahati njema, kila upana wa nchi yetu una mwenzake. Anayetaka treni mpya ya umeme ya Dodoma, achukue HO, kwani hiyo inalingana barabara. Anayetaka TAZARA, atumie reli zile zile za milimeta 16.5 lakini miili ya mabehewa aiunde kwa 1:64. 1,067 ukiigawa kwa 64 unapata 16.7, na tofauti hiyo haionekani kwa macho. Na anayetaka njia ya Tanga au Reli ya Kati, atumie reli za milimeta 45 kwa skeli ya 1:22.5. Skeli hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Lehmann ya Nürnberg mwaka 1968, kwa jina la LGB, kwa makusudi ya kuiga treni za njia ya meta 1.

CHUMBANI AU UANI

Kabla ya kumjibu mama wa Kengeja, tuwaangalie kwanza wa mijini. Mwenye chumba kimoja cha ziada, au asiyekuwa nacho, asiote treni ya uani. Na achukue ubao wenye upana wa sentimeta 60 na urefu wa meta 1 na sentimeta 20, unaoingia chini ya kitanda. Juu yake HO haiwezi kuzunguka, kwa sababu kona yake inataka nusu kipenyo cha sentimeta 40 hivi, yaani duara la sentimeta 80 na nafasi ya pembeni. Lakini kituo kimoja chenye njia tatu za kupangia mabehewa kinaingia vizuri, nacho kina mchezo mwingi kuliko treni inayojifukuza yenyewe kwenye duara. Anayeng'ang'ania duara katika ubao huo atafute N.

Asiyekuwa na fedha za duka asivunjike moyo. Kwa ajili yake skeli iliyo bora ni 1:100 au 1:50, kwa sababu rula ya mtoto wa skuli inatosha. Katika 1:100 kila sentimeta ni meta. Katoni za sabuni zitatoa kuta za kituo, njiti za kiberiti zitakuwa mataruma, waya zitakuwa reli. Zamani injini kubwa kuliko zote za moshi zilizopita katika njia ya meta 1 duniani zilikuwa zetu sisi Waafrika Mashariki. Hizo ni zile za daraja la 59, zilizoundwa Uingereza na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, jumla yake 34, kila moja ikapewa jina la mlima. Urefu wake ulizidi meta 31. Moja yake, Mount Gelai, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi. Kwa 1:100 injini hiyo ni sentimeta 32 tu, na katoni ya mche wa sabuni inaweza kuitoa.

Tahadhari mbili kwa wazazi. Penye mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani, vipande vya HO na N viwekwe juu kabisa. Na asithubutu mtu yeyote kuunganisha reli za mtoto na umeme wa ukutani. Treni hizi huendeshwa kwa umeme mdogo wa betri au wa kifaa maalumu cha kuupunguza, na zile za kuundwa nyumbani zinasukumwa kwa mkono bila ya hasara yoyote.

JIBU KWA KENGEJA

Sasa, mama, tukujibu. Umeuliza skeli gani, lakini ndani ya barua yako jibu limo. Jambo la kwanza la kujiuliza si ukubwa wa chumba wala bei ya sanduku. Ni nani atakayeitumia njia hii, na kwa kiungo gani cha mwili? Mzee wenu anaona ukungu. Treni ya HO ingekuwa kwake kivuli kinachopita mezani. Hawezi kuipapasa bila kuiangusha, wala hawezi kuwaambia watoto kwamba taruma hili limekaa upogo. Anahitaji reli anazoweza kuzishika kwa vidole, ahesabu mataruma, aguse kiungo cha reli na reli, na kusema: hapa sivyo, tulikuwa tukifunga hivi.

Kwa hiyo binti ameshinda kuhusu mahali: njia iwe uani. Na kijana ameshinda kuhusu usahihi: njia ifuate vipimo vya kweli. Skeli yenu ni 1:22.5, upana wa njia milimeta 45, kwa kuwa mzee alifanya kazi katika njia ya meta 1, na hiyo ndiyo skeli inayoiheshimu kazi yake.

Ami wa Maskati aambiwe waziwazi. Asilete sanduku zima lenye treni ya theluji za Ulaya. Kama uwezo wake unaruhusu, alete magurudumu ya chuma ya njia ya milimeta 45, yaliyokwisha kufungwa kwenye ekseli zake, na ikiwezekana injini moja ndogo ya betri. Miili ya mabehewa itatoka katika karakana ya baba. Tena ami asome namba, asidanganyike na herufi. Madukani herufi G hupachikwa kwenye treni za 1:20.3, 1:22.5, 1:24, 1:29 na hata 1:32, na zote hutembea juu ya reli za milimeta 45. Magurudumu yanaweza kufaa, lakini behewa la 1:32 litakuwa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Na ikiwa ami hakujaliwa kuleta kitu, msingoje. Jengeni kwa 1:20, reli ziachane kwa milimeta 50, magurudumu yachongwe kwa mbao ngumu. Hapo meta 1 ni sentimeta 5, na binti wa darasa la tano atapiga hesabu zote kichwani. Ila uamuzi ufanyike sasa. Mkianza na 1:20 kisha magurudumu ya 45 yakaja, mtalazimika kubomoa.

RULA YA WATOTO

Mtasema 22.5 ni namba ngumu. Ipo njia nyepesi. Meta 9 za kweli, ukizigawa kwa 22.5, ni sentimeta 40 kamili. Chukueni ufito ulionyooka wa sentimeta 40, mwugawe sehemu 9 zilizo sawa, na kila sehemu itakuwa meta 1 ya njia yenu.

Namna ya kuugawa ni hii. Chora mstari wa sentimeta 40 kwenye karatasi ndefu. Kutoka mwanzo wake chora mstari mwingine wa mshazari, wenye sentimeta 45, na uutie alama kila baada ya sentimeta 5. Utapata sehemu 9. Unganisha ncha ya mshazari na ncha ya mstari wa kwanza. Kisha kutoka kila alama chora mstari unaokwenda sambamba na huo wa mwisho, mpaka ukate mstari wa sentimeta 40. Mwanafunzi wa skuli ya ufundi anaijua kazi hii. Na amfundishe dada yake, na dada ndiye awe mwenye kutunza rula. Kuanzia siku hiyo asipimwe mtu wala kitu kwa rula nyingine. Taruma la meta 1 na sentimeta 80 litakuwa sentimeta 8. Behewa la meta 13 na nusu litakuwa sentimeta 60. Mlinzi wa kituo atakuwa na sentimeta 7 na nusu.

Baba naye achonge kipande cha mti mgumu chenye upana wa milimeta 45 kamili. Kila taruma mbili zikifungwa, kipande hicho kipitishwe baina ya reli. Kikikwama, njia imebana. Kikicheza, njia imeachia. Mzee ataweza kuikagua njia nzima kwa kipande hicho, macho yawe yanaona au hayaoni.

JUA HALIJUI SKELI

Uani kuna maadui. Wa kwanza ni jua. Chuma chenye urefu wa meta 10 hurefuka kwa milimeta 3 hadi 4 joto lake linapopanda digrii 30, na aluminiamu hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Jua halipunguzi nguvu zake kwa sababu reli yako ni ndogo. Basi acheni mwanya mdogo kila reli inapokutana na nyingine, la sivyo mtaikuta njia imejikunja mchana kama nyoka. Muulizeni mzee juu ya jambo hilo. Mwanya wa reli ulikuwa sehemu ya kazi yake.

Adui wa pili ni maji ya masika. Msiilaze njia juu ya ardhi tupu. Inueni tuta la mawe na udongo ulioshindiliwa, kimo cha shubiri moja au zaidi, lenye mteremko wa kumwaga maji pande zote mbili, na juu yake mmwage changarawe ndogo zilizochekechwa. Changarawe zisizidi punje ya mtama kwa ukubwa, kwa sababu jiwe la ukubwa wa yai lingekuwa jabali katika nchi yenu mpya. Mataruma yawe ya mti usioliwa na mchwa, na yapakwe mafuta machafu ya gari. Upepo wa bahari una chumvi inayokula chuma, kwa hiyo reli zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kila juma. Kuku mnao wenyewe, na dawa yake mnaijua.

Kona iwe pana. Viwanda huuza reli za kona zenye nusu kipenyo cha sentimeta 60, lakini behewa lenu la sentimeta 60 halitapita hapo kwa heshima. Wekeni meta 1 na nusu, kwa kuwa ua wenu unaruhusu.

Na mimea ifuate skeli pia. Jani la muhogo karibu na behewa hilo ni kubwa kama paa la nyumba. Pandeni mirehani kando ya kituo. Mrehani wa sentimeta 40 ni mti wa meta 9, na harufu yake itamwambia mzee kwamba amefika kituoni. Na machipukizi madogo ya mshubiri, yakipangwa kwa safu, ni shamba la mkonge kama yale ya Muheza na Korogwe. Aliyepita katika njia ya Tanga hawezi kuyakosa.

JE, NI AIBU?

Tulibakiza swali moja. Majirani wanasema kwamba mtu mzima hashughulishwi na vitu vya kuchezea. Tunawaheshimu majirani, lakini hatukubaliani nao. Reli za nchi hii hazikujijenga, wala hazikujitunza. Mvua ikinyesha usiku, kulikuwa na watu waliotoka na taa kwenda kutazama kama tuta limesimama, na wengi wao walitoka mbali, visiwani nako hawakukosekana. Vitabu vimeandika majina ya magavana na mawaziri waliofungua njia hizo. Genge la njia halikuandikwa sana. Mzee wenu ni kitabu ambacho hakijanakiliwa, na uani kwenu ndipo mahali pa kukinakili.

Kwa hiyo kijana asibebe nyundo tu. Abebe na daftari. Jioni moja amwulize babu kituo gani alikipenda, daraja gani liliwatisha, mataruma yalikuwa ya chuma au ya mbao, reli moja ilinyanyuliwa na watu wangapi, na kama waliimba walipoinyanyua. Kila jibu litakuwa kipimo cha kujengea, na litabaki hata njia yenyewe ikichakaa.

Jambo la mwisho, mama, na tafadhali usilichukulie kuwa la mwisho kwa uzito. Ukungu wa macho ya wazee mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji mfupi. Lakini upo ugonjwa mwingine, presha ya macho, ambao unachoteka haurudishi, na dawa yake ni kuwahi tu. Mtu wa nyumbani hawezi kutofautisha. Mpelekeni mzee kwa mganga wa macho hospitalini kabla tuta halijainuliwa. Akipona, ataiona treni ya wajukuu zake. Asipopona, mmemjengea njia anayoweza kuisoma kwa vidole. Kwa vyovyote vile, 1:22.5 haitakuwa imechaguliwa bure.

Ndugu msomaji, nawe uliye mjini, ukianza njia yako chini ya kitanda au juu ya baraza, andika skeli yako kwa herufi kubwa ubavuni mwa ubao kabla ya kuushika msumeno. Penye nia pana njia. Ila kwanza pima upana wake.